Siri za Sili Iliyokufa

Fundi anafungua jeki ya eskaveta pembeni ya shimo la dhahabu, mkoani Geita. Anang'oa sili ya zamani kwa bisibisi, anamkabidhi kijana: nenda mjini ukalete kama hii. Kijana anapanda bodaboda. Jioni sili mpya imeshafungwa na mtambo umerudi kazini. Baada ya majuma machache oili inachuruzika tena pale pale, na lawama zote zinamwendea muuza spea, kwamba kauza feki. Huenda ni kweli. Lakini kosa huwa limeshafanyika kabla bodaboda haijawashwa, katika yale maneno mawili, "kama hii". Ile ya kwanza ilikufa. Ukileta pacha wake bila kujua kilichoiua, unamsubirisha na yeye kifo hicho hicho.

Jeki, ndivyo mafundi wengi wanavyoiita silinda ya haidroliki, ni bomba nene la chuma lenye pistoni ndani na rodi ing'aayo inayotoka na kuingia. Katika eskaveta ya tani 20, mgandamizo wa oili hufikia bari 350 hivi. Tairi la gari dogo lina bari 2 na ushei. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 120 ikisukumwa na mgandamizo huo hutoa nguvu ya kuinua tani 40. Kinachoizuia oili isitoroke kwenye upenyo kati ya rodi na chuma ni pete unayoweza kuikunja kwa mkono.

Pete zenyewe ni ukoo mzima. Nje kabisa kuna waipa, anayefuta rodi inaporudi ndani. Nyuma yake kuna sili ya rodi, ambayo ndiyo hasa huziba, na katika mitambo mizito huongezwa nyingine ya kupokea kishindo cha mgandamizo kabla hakijaifikia. Kuna pete ngumu za kuongozea, kazi yake kuifanya rodi ikae katikati isisugue chuma kwa chuma. Pistoni nayo ina sili yake. Na jambo linalowashangaza wengi: sili nzuri ya rodi haikaushi kabisa. Huacha utando wa oili mwembamba mno, ambao jicho halioni, maana mdomo wake ukisugua rodi kavu huungua.

Sasa tumtafute muuaji. Dhahabu ya ukanda wa kusini mwa Ziwa Victoria hupatikana sana kwenye mishipa ya kwatsi, lile jiwe jeupe ambalo mchimbaji mdogo akiliona hutabasamu. Rodi ya jeki hupakwa kromu ngumu, yenye ugumu wa kati ya 800 na 1000 kwa kipimo cha Vickers. Kwatsi hufika 1100 hivi. Kikulacho ki nguoni mwako: jiwe linaloficha dhahabu ndilo lenye ubavu wa kuikwangua rodi. Kromu yenyewe ina unene wa sehemu ndogo ya milimita, na mkwaruzo mmoja wa urefu wa rodi ni mfereji wa oili. Baya zaidi, chembe ikijikita kwenye mdomo laini wa sili haitoki tena. Sili inageuka msasa, na kila bumu, ule mkono mkuu wa eskaveta, likipanda na kushuka rodi inapigwa msasa huo.

Ndiyo maana kwa mtambo wa mgodini ningeanza kuhesabu pesa za waipa kabla ya sili nyingine yoyote. Wanunuzi wengi hufanya kinyume, kwa kuwa waipa haizuii mgandamizo na inaonekana kama pambo. Tafuta yenye midomo miwili na ganda la chuma linalogongwa likakaza mahali pake. Halafu mwambie opereta asilaze mtambo rodi zikiwa nje. Tope likikaukia usiku kucha juu ya rodi, asubuhi waipa inakutana na saruji.

Tuirudie ile maiti kabla haijatupwa kwenye pipa la taka. Mikwaruzo inayofuata mwendo wa rodi ni kazi ya uchafu. Sili iliyokakamaa na kupasukapasuka imeungua. Oili ikizidi nyuzi 80 kwa muda mrefu, umri wa sili nyingi hupungua, basi kagua kipoza oili. Ikiwa ukingo wa nyuma wa sili umemegwamegwa kama mkate ulioliwa na panya, mgandamizo uliusukumia kwenye upenyo uliopanuka. Hapo pete za kuongozea zimelika, na sili peke yake haiponyi kitu. Doa jeusi la kuungua sehemu moja tu linaashiria hewa ndani ya oili: povu likibanwa ghafla hupata joto kali kiasi cha kuwaka, kama mafuta yanavyowaka ndani ya injini ya dizeli. Na iliyovimba ikawa laini imekutana na kimiminika kisichoelewana nayo.

Hapo ndipo mazungumzo ya malighafi yanapokuwa na maana. Mpira wa naitrili ni wa bei nafuu, lakini hulika upesi penye mchanga. Poliyurethani huvumilia kusuguliwa kuliko mpira wowote wa kawaida, ndiyo inayotawala kwenye rodi za mitambo ya kuchimba. Ina udhaifu wake: aina zake nyingi huozeshwa na maji ya moto. Oili yako ikigeuka rangi ya maziwa msimu wa mvua, dai ile iliyotengenezwa kustahimili maji. Viton huvumilia joto hadi nyuzi 200, lakini kwa mikwaruzo haifui dafu mbele ya poliyurethani. Teflon yenye unga wa shaba nyeusi hukaa vizuri kwenye pistoni. Usichague kwa rangi. Kila kiwanda hupaka kipendavyo.

Inachekesha kwamba vitu hivi karibu ni marika. Otto Bayer na wenzake walivumbua poliyurethani kule Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Mwaka huo huo Niels Christensen, mhamiaji kutoka Denmark, aliomba hataza ya oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia, nchini Marekani. Mwaka uliofuata Roy Plunkett akaikuta Teflon kwa bahati ndani ya mtungi wa gesi.

Vipimo navyo visitoke kwenye sili ya zamani, maana imeshavimba au kusinyaa. Pima rodi na mfereji sili inamokaa. Pitisha ukucha juu ya rodi; ukikwama, rodi ipelekwe kupakwa kromu upya. Na dukani, sili za mpira zilizoning'inizwa kwenye msumari barazani ziache hapo hapo: jua na ozoni vimeshaanza kuzila.

Kuna kesi moja ambayo sili husingiziwa. Bumu limeinuliwa, injini imezimwa, nalo linashuka taratibu. Kila mtu anasema sili ya pistoni imekufa. Fikiri kidogo. Bumu likishuka rodi inaingia ndani ya silinda, na rodi inahitaji nafasi. Oili haibanwi kirahisi. Hata ikipenya pistoni na kuhamia upande wa pili, madhali milango yote miwili ya oili imefungwa, jumla ya oili ni ile ile na rodi haina pa kuingilia. Bumu hunesa kidogo tu, kisha husimama, huku mgandamizo ukipanda. Likiendelea kushuka, ipo oili inayotoka nje ya silinda, na njia yake ya kawaida ni vali ya kuongozea iliyolika. Fundi anayelijua hilo huanzia kwenye vali, na siku hiyo kijana wa bodaboda hana safari.