Mita Yenye Giza Upande Mmoja



Safari hii hatuandiki juu ya mishahara. Tunaandika juu ya balbu, tena balbu ndogo kama punje ya harage, ile inayowaka nyuma ya mita za gari usiku. Wapo watakaocheka na kuuliza kama chama kimekosa kazi. Madereva wa Bwera hawatacheka.

Mwaka 2017, wakati wa pamba, gari dogo la mzigo la kampuni moja liliondoka Bwera saa mbili usiku kurudi Kasese. Kampuni hatuitaji, maana shauri lilikwisha kwa mapatano. Nyuma walikaa vibarua, wengi wao akina mama. Njia hiyo mnaijua. Ukikaribia Kikorongo uko ndani ya mbuga ya wanyama ya Queen Elizabeth, hakuna taa ya barabarani, na tembo huvuka saa anayotaka mwenyewe.

Mbele ya dereva mita ya spidi ilikuwa inang'aa vizuri. Mita ya mafuta ilisomeka. Lakini upande wa kulia, penye mita ya joto la injini, palikuwa na giza. Njiani mpira wa maji wa rejeta ukapasuka, maji yakavuja kidogo kidogo, mshale wa joto ukapanda mpaka juu, na dereva hakuuona. Alitambua pale gari lilipokosa nguvu na harufu ya kuungua ikamfikia. Gasketi ilikwisha kuungua na kichwa cha injini kimepinda. Akina mama wale walikaa juu ya magunia mpaka alfajiri wakisikiliza wanyama.

Baada ya siku nne dereva akapewa barua. Uzembe, ilisema. Gharama ya injini ingekatwa katika mshahara wake kila mwezi mpaka iishe. Kwa hesabu yetu angekatwa zaidi ya mwaka mzima, na ana watoto shuleni.

Tulipofika kwa manija alituambia kwamba mita ya joto ilikuwa nzima. Alisema kweli. Fundi aliijaribu mbele yetu na mshale ukapanda na kushuka kama inavyotakiwa. Basi, manija akauliza, dereva alikuwa anatazama wapi? Dereva akajibu: "Mzee, mita ilikuwa nzima lakini sikuiona. Nilisema gereji mara mbili." Msimamizi wa gereji hakukubali wala hakukataa. Alisema hakumbuki. Na sisi hatukuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha, kwa sababu ndugu yetu alisema kwa mdomo tu.

Tukaomba mita zifunguliwe.

Tueleze kidogo, maana wengi wetu hatujawahi kuona nyuma ya mita. Katika magari ya zamani kuna balbu tatu, nne au zaidi zilizochomekwa kwa nyuma, na unazitoa kwa kuzungusha kidogo kwa vidole. Kati ya balbu na uso wa mita kuna plastiki inayopokea mwanga na kuutawanya mpaka pembeni. Umeme hauji kwa waya wa kawaida. Unapita katika ukanda mwembamba wa plastiki wenye mistari ya shaba, madini yaleyale waliyochimba wazee wetu Kilembe tangu 1956 na kuyapeleka Jinja kwa treni kuyeyushwa. Kila balbu ina njia yake, kwa hiyo moja ikifa nyingine zinaendelea kuwaka. Hapo ndipo penye hatari. Kama zote zingezimika pamoja dereva angesimama na kutafuta fyuzi. Ikizimika moja, anazoea. Wiki ya kwanza analalamika, wiki ya tatu amesahau kwamba pale pana mita.

Fundi alichomoa balbu moja moja na kuziweka juu ya gazeti. Tulitazamia kukuta moja imekufa. Haikufa. Ile ya upande wa joto iliwaka, ila ilitoa wekundu hafifu kama kaa la sigara. Fundi akaigeuza, akasoma kwenye kioo chake: 24V. Nyingine zote ziliandikwa 12V.

Gari lile ni la volti 12. Malori makubwa ya kampuni ni ya volti 24, na stoo balbu zote zilikuwa katika kopo moja. Mtu wa gereji alichukua balbu bila kusoma, akaichomeka, akaona inawaka mchana kweupe, akafunga. Balbu ya 24 ukiipa volti 12 haitoi nusu ya mwanga wake. Hutoa kama sehemu moja ya kumi tu. (Ukifanya kinyume, balbu ya 12 kwenye lori la 24 hupasuka au huungua mara moja, na hiyo afadhali, kwa sababu kila mtu anaona.)

Hapo manija alinyamaza. Balbu haikujiweka yenyewe, na dereva hana ufunguo wa stoo. Tena ilionyesha kwamba kuna mtu aliwahi kufungua mita zile, maana yake malalamiko yalifika. Barua ikafutwa siku ya tatu. Tunakiri tulikuwa na bahati. Kama ingekuwa balbu iliyokufa tu, wangesema imekufa usiku uleule, na sisi tungejibu nini?

Tangu siku ile tumetazama mita nyingi, Kasese na Bwera. Tumekuta balbu ambazo kioo chake kimekuwa cheusi kwa uzee. Tumekuta shaba iliyoota kutu ya kijani kwa sababu ya unyevu, na ukanda uliopasuka kwa kuvutwa vibaya. Siku hizi wengi wanaweka taa za LED. Hazili umeme mwingi, ni kweli, lakini nyingi hutupa mwanga mbele tu wala si pembeni, kwa hiyo unapata doa kali katikati na giza kandokando. Nyingine zikiingizwa kinyume haziwaki mpaka uzigeuze. Na fundi asikudanganye kuweka balbu yenye wati kubwa ili giza liondoke, maana joto lake huyeyusha plastiki. Balbu ziwe za aina moja, na zibadilishwe zote pamoja. Kabla ya kufungua, toa waya wa betri.

Iangalieni pia taa nyekundu ya chaji. Katika magari mengi ya zamani umeme wa kuamsha altaneta hupita katika balbu hiyo. Ikifa, altaneta inaweza isichaji kabisa, na hakuna taa ya kukuonya.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atunze vyombo vya kazi viwe salama, na inamtaka mfanyakazi atoe taarifa ya hatari. Kwa hiyo, madereva: kabla ya safari ya usiku, ingizeni gari mahali penye giza, washeni taa, mtazame mita zote mpaka pembeni. Kama moja haisomeki, andikeni katika daftari la gari tarehe na namba ya gari, msimamizi atie sahihi. Akikataa kutia sahihi, andikeni kwamba amekataa, na utingo awe shahidi. Nakala mtuletee.

Balbu ile tunayo bado. Iko ndani ya kiberiti, kwenye droo ya ofisi yetu ya Kasese, na ukiisogeza dirishani namba 24 inasomeka vizuri.