Grant Notley

Walter Grant Notley (19 Januari 1939 – 19 Oktoba 1984) alikuwa mwanasiasa wa Kanada aliyeongoza chama cha New Democratic Party (NDP) katika jimbo la Alberta tangu mwaka 1968 hadi kifo chake. Kwa zaidi ya miaka 11 alikuwa mbunge pekee wa chama chake.

Maisha

Alizaliwa Didsbury, Alberta, katika familia ya wakulima. Alisoma historia kwenye Chuo Kikuu cha Alberta, kisha akawa katibu wa chama. Mwaka 1968 alichaguliwa kuwa kiongozi, ingawa NDP haikuwa na kiti hata kimoja katika bunge la jimbo.

Bungeni

Katika uchaguzi wa 1971 Progressive Conservative, wakiongozwa na Peter Lougheed, waliiangusha Social Credit iliyotawala tangu 1935. Notley, ambaye awali alikuwa amegombea na kushindwa, alipata kiti cha Spirit River-Fairview, eneo la mashamba kaskazini mwa jimbo.

Kura za NDP ziliongezeka kutoka takriban asilimia 11 mwaka 1971 hadi karibu 16 mwaka 1979, lakini kiti kilibaki kilekile kimoja. Sababu ni mfumo wa uchaguzi: anayeongoza katika kila eneo huchukua kiti, na kura za wengine hazihesabiwi popote pengine. Kura za NDP zilitawanyika mno. Hivyo Notley alilazimika kusemea kila jambo peke yake, kuanzia kilimo hadi mapato ya mafuta, utajiri mkubwa wa Alberta wakati huo.

Mwaka 1982 NDP ilipata karibu asilimia 19 ya kura na viti 2 kati ya 79. Cha pili kilikuwa cha Ray Martin wa Edmonton. Serikali ilikuwa na viti 75. Wabunge wawili wa kujitegemea, waliotoka Social Credit, nao walidai kuwa upinzani rasmi, ila Spika aliwapa NDP nafasi hiyo. Notley akawa Kiongozi wa Upinzani akiwa na mwenzake mmoja tu.

Kifo

Kutoka bungeni Edmonton hadi Fairview ni zaidi ya kilomita 500 kwa barabara, kwa hiyo alizoea kurudi nyumbani kwa ndege. Ijumaa ya 19 Oktoba 1984 ndege ndogo ya Wapiti Aviation iligonga kilima chenye msitu karibu na High Prairie, baada ya kushuka chini mno ndani ya mawingu. Kati ya watu 10, sita walifariki, Notley akiwamo. Miongoni mwa walionusurika alikuwa Larry Shaben, waziri wa serikali aliyokuwa akiipinga.

Baada yake

Martin alichukua uongozi, na mwaka 1986 NDP ilipata viti 16. Binti yake, Rachel Notley, alichaguliwa kiongozi wa chama tarehe 18 Oktoba 2014, siku moja kabla ya kutimia miaka 30 tangu ajali. Tarehe 5 Mei 2015 alishinda viti 54 kati ya 87, akawaondoa Progressive Conservative waliotawala miaka 44. Aliposhindwa mwaka 2019 alirudi kuwa Kiongozi wa Upinzani, cheo cha baba yake, hadi 2024.