Usukani Mezani: Somo Nililolipata Chundwa

Neno usukani tulilipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ubao unaoning'inia nyuma ya chombo ukakiongoza majini. Motokaa ilipofika pwani, hatukuhangaika kutafuta neno jipya. Tulilitwaa lile la baharini tukalitia barabarani. Waarabu wa Ghuba nao walifanya vivyo hivyo. Siku hizi neno hilo limefunga safari ya tatu: limepanda mezani.

Nililishuhudia jambo hili likizo iliyopita, nilipokwenda kumzuru dada yangu Chundwa, kisiwani Pate. Mpwa wangu, kijana wa chuo, alikuwa ameweka akiba ya vibarua vya uvuvi akanunua Mombasa usukani uliokwisha kutumika, wa kuchezea mashindano ya magari katika tarakilishi. Hamu yake ni Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na yaliyorejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha. Aliufunga usukani huo kwenye meza ambayo mama yake husahihishia madaftari ya wanafunzi. Siku ya tatu mguu mmoja wa meza ukalegea, na usukani nusura uanguke sakafuni. Dada yangu akapiga marufuku mchezo huo nyumbani mwake.

"Mjomba," kijana akanilalamikia, "nimekaza hadi mwisho, lakini bado unacheza."

Yafaa msomaji aelewe kwanza kwa nini kifaa hiki hutikisa meza. Ndani yake mna mota inayoupinga mkono wa dereva, ili ahisi mashimo ya njia na uzito wa magurudumu. Usukani wa kawaida, kama ule wa Logitech G29 uliotoka mwaka 2015, huzunguka nyuzi 900, yaani mizunguko miwili na nusu, na nguvu yake ya kuzungusha ni kama nyutoni-mita 2. Gurudumu lenye nusu kipenyo cha sentimita 13 hivi huusukuma mkono kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo moja na nusu. Si nguvu ya kutisha, lakini huja kwa vishindo, kulia na kushoto, pasipo kupumzika. Zipo sukani nyingine ambazo mota yake imeshikana moja kwa moja na mhimili. Hizo hufika nyutoni-mita 8 na kuzidi.

Tulimwita jirani, mzee aliyetumia umri wake kuunda mashua. Hakuugusa usukani. Aliisukuma meza kwa kidole kimoja, ikayumba.

"Mwanangu," akasema, "usukani huu hauna kosa. Kilicholegea ni kile ulichoufungia. Chuma kizuri ukikipigilia kwenye fashini iliyooza, utapoteza chuma na chombo."

Fashini ni gogo lisimamalo nyuma ya chombo, ambalo usukani huangikwa kwalo. Nakiri kwamba mimi, mwalimu wa isimu mwenye shahada ya uzamifu, neno hilo nilikuwa nimelisoma kamusini tu. Sikuwahi kulisikia likifanya kazi.

Mzee alianza na meza. Aliukaza mguu uliolegea, kisha akapigilia mbao mbili za mshazari nyuma ya miguu. Mwalimu wa hisabati atatambua hekima yake: umbo la pande nne hupinda likisukumwa, lakini pembetatu haibadiliki mpaka upande mmoja uvunjike. Meza ikasogezwa ikagusa ukuta.

Kisha akageukia usukani. Kwa kuwa dada yangu hakutaka meza yake itobolewe, mzee alichukua kipande cha ubao mgumu, akakitoboa kwa keekee mkabala na matundu ya skrubu yaliyo chini ya kifaa, akakiunganisha nacho kwa boliti. Alipima urefu wa boliti mara mbili, kwani boliti ndefu kupita kiasi huingia ndani ikaharibu vyombo. Kingo za ubao huo akazibana mezani kwa jiriwa mbili za seremala, akitanguliza vipande vya mpira wa baiskeli ili ubao usiteleze wala meza isichubuke.

Jiriwa hizo hakuziweka pamoja. Alizitenganisha kadiri ubao ulivyoruhusu. Hapa pana somo la fizikia. Usukani wa nyutoni-mita 8 uliobanwa kwa vibano vilivyoachana sentimita 20 hukivuta kila kibano kwa nyutoni 40. Vikiachana sentimita 40, mzigo huo hupungua kwa nusu. Kukaza zaidi kusingeleta faida hiyo. Kungevunja plastiki tu.

Zikabaki pedali. Kila kijana alipokanyaga breki, mkeka uliteleza na pedali zikakimbia mbele huku kiti kikirudi nyuma. Mzee aliukunja mkeka, akazifunga pedali na miguu ya kiti kwa kamba ya kumbi. Mguu ukisukuma pedali mbele, mgongo husukuma kiti nyuma, na kamba ikazishika nguvu hizo mbili pamoja. Nilikumbuka kwamba mitepe ya visiwa hivi ilishonwa kwa kamba za aina hiyo hiyo, bila msumari, na ikastahimili bahari.

Kazi yote ilichukua alasiri moja. Lakini lililonikaa moyoni ni jambo jingine. Kijana alikuwa na maneno ya Kiingereza kwa kila sehemu ya kifaa chake, na asijue hata moja kati ya jiriwa, keekee na mshazari. Mzee alikuwa na maneno hayo yote, na hakuna shule iliyowahi kumwalika ayaseme mbele ya watoto. Sisi wataalamu huketi makongamanoni tukibuni istilahi, ilhali zilizo hai zinazeeka karakana za pwani pamoja na wenyewe.

Walimu wenzangu, mwanafunzi akileta mchezo wa aina hii, msikimbilie kumnyang'anya. Mwulizeni umefungwaje, na kwa nini haukai. Kisha mpelekeni kwa fundi wa mtaani mwenu, naye aende na daftari na kalamu. Istilahi nayo huhitaji kitako. Ikikosa kazi ya kuikalia, hulegea kama usukani ule.

Usiku ule dada yangu aliketi kusahihisha madaftari yake. Aliisukuma meza kwa kidole, kama alivyofanya mzee. Haikuyumba. Akamwambia mwanawe, "Haya, cheza. Lakini nikimaliza mimi."