Kifafa, Ganzi na Maumivu ya Neva Nyanda za Juu Kusini

Magonjwa ya mfumo wa fahamu, yaani ya ubongo, uti wa mgongo na neva, yanaongoza duniani kwa kuwaachia watu ulemavu na afya mbovu. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2024 katika jarida la The Lancet Neurology ilionyesha kwamba mwaka 2021 watu bilioni 3.4, zaidi ya wawili katika kila watano, walikuwa na tatizo mojawapo la aina hii, kuanzia kipandauso hadi kiharusi. Mengi ya magonjwa haya hayaui upesi, kwa hiyo anayehesabu vifo peke yake hayaoni. Kijana anayeanza kuanguka kifafa akiwa na miaka 15, akaachishwa shule, asioe na asiruhusiwe kukaribia jiko, hayumo katika daftari la vifo, lakini maisha yake yameharibika. Ndiyo maana wataalamu hupima pia miaka ya afya njema ambayo ugonjwa unamnyang'anya mtu. Kwa kipimo hicho, mikoa ya Mbeya na Iringa, katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ina mizigo miwili mizito: kifafa cha tegu wa nguruwe na maumivu ya neva ya watu wanaoishi na VVU.

Ufugaji wa nguruwe umeenea sana Nyanda za Juu Kusini, na kitimoto ina soko la uhakika mjini. Mfugaji mdogo hufunga nguruwe msimu wa mazao, kisha baada ya mavuno huwaachia wajitafutie chakula. Panapokosekana vyoo, nguruwe hula kinyesi cha binadamu chenye mayai ya tegu, na mayai hayo hugeuka vilengelenge ndani ya nyama. Mnunuzi mzoefu humlaza nguruwe ubavu, akambana mdomo wazi kwa kijiti, akauvuta ulimi kwa kitambaa na kuupapasa upande wa chini akitafuta vinundu vya ukubwa wa punje ya mchele. Akivikuta, biashara imevunjika, na wakati mwingine mwenye mali humchinjia nyumbani ili asipate hasara. Hata hivyo ulimi hufichua nguruwe walioathirika sana tu. Vipimo vya damu vilivyochapishwa mwaka 2013 vilionyesha kuwa Mbozi na Mbeya Vijijini karibu nguruwe mmoja kati ya watatu alikuwa na vimelea. (Mbozi ilikuwa ndani ya mkoa wa Mbeya hadi Songwe ilipoanzishwa mwaka 2016.)

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Anayekula nyama isiyoiva vizuri hupata tegu tumboni, na tegu huyo mara nyingi hamsumbui sana. Kifafa huja kwa njia nyingine: mtu anameza mayai yaliyotoka katika kinyesi cha mwenye tegu, kwa mikono isiyonawiwa, maji au mboga mbichi. Mayai huanguliwa, vimelea husafiri kwa damu hadi kwenye ubongo na kujenga vilengelenge humo. Kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kuugua. Miaka ya 1990 mwanzoni ugonjwa huu uligunduliwa New York miongoni mwa Wayahudi washika dini, ambao nguruwe kwao ni haramu, na uchunguzi ulielekeza kwa wafanyakazi wa nyumbani waliokuwa na tegu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa penye tegu wengi, takriban asilimia 30 ya kifafa hutokana naye.

Mzigo wa pili unaanzia miguuni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima wa Iringa yakizidi asilimia 11 na Mbeya asilimia 9, huku wastani wa nchi ukiwa chini ya asilimia 5. Virusi vyenyewe huumiza neva ndefu, zile zinazofika kwenye vidole vya miguu. Dawa ya stavudini, iliyookoa maisha ya wengi miaka ya 2000, iliziumiza pia, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri iachwe. Neva zilizokwisha kuharibika hazikupona zote. Mgonjwa husema nyayo zinawaka moto, zinachomwa pini, kisha ganzi inapanda. Katika baridi ya usiku ya Mufindi, mkoani Iringa, mtu mwenye neva hizi anaweza kushindwa kuvumilia hata uzito wa blanketi juu ya miguu. Vidonge vya kawaida vya maumivu havimsaidii sana. Mara nyingi hujaribiwa dawa kama amitriptilini, kwa dozi ndogo ya usiku. Kisukari nacho huleta hali hiyohiyo, na wagonjwa wake wanaongezeka.

Madaktari bingwa wa ubongo na neva nchini ni wachache na wengi wako Dar es Salaam, hivyo mzigo huu unabebwa na zahanati na vituo vya afya. Dawa za kifafa kama fenobabitali ni za bei nafuu. La msingi ni zisikosekane, na mgonjwa asiziache ghafla. Anayeanguka aondolewe motoni na asaidiwe bila woga, kwa kuwa povu la mdomoni haliambukizi kifafa. Mwenye ganzi akague nyayo zake kila jioni, maana kidonda asichokihisi huoza. Na ndugu wa mgonjwa wa kifafa wasimnunulie dawa ya tegu dukani kwa kubahatisha: vilengelenge vikifa kwa ghafla ndani ya ubongo huleta uvimbe na degedege kali, na dawa hiyo inapaswa kutolewa hospitalini.