Kabla ya msumeno, amri: miombo ya Kasulu na Kibondo

Ukitoka Kasulu mjini, mkoani Kigoma, kuelekea mashariki, migomba na maharage ya Buha ya juu, nchi ya Waha, yanabaki nyuma, vilima vinalegea, na mbele inaanza miombo: mtundu, muba, mninga, mkurungu. Upande wa Kibondo ni vivyo hivyo. Magharibi, kwenye miinuko inayopakana na Burundi, mashamba yamebanana. Mashariki ardhi inateremka hadi mabonde ya Moyowosi na Malagarasi, ambako kuna mahali unaweza kutembea kutwa nzima usione paa la nyumba.

Mgeni akifika huko hudhani ni pori la tangu na tangu. Sivyo. Humo mlikuwa na watu. Katika miaka ya 1930, ugonjwa wa malale ulipoenea, serikali ya mkoloni iliwaamuru Waha waliotawanyika porini kuondoka na kukusanyika kwenye makazi makubwa yaliyofyekwa, ili ndorobo wakose kichaka cha kujificha. Wengi waliokoka, hilo halina ubishi. Lakini mashamba waliyoyaacha yalirudi kuwa msitu, wanyama wakaongezeka, na miongo ilipopita ramani zikachorwa kana kwamba hapakuwahi kuishi mtu. Pori la akiba la Moyowosi lilitangazwa mwaka 1981. Mwaka 2000 ardhi oevu ya Malagarasi–Muyovozi ikaingia kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, ya kwanza kwa Tanzania.

Historia hii ndiyo inayokosekana kila tunapozungumzia "uvamizi wa misitu" Kigoma. Watu wa huku wamehamishwa kwa amri baada ya amri. SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa mwaka 1944, ilifanya Buha kuwa kisima cha manamba, yaani vibarua wa mkataba. Vijana wa Kasulu na Kibondo walisombwa hadi Tanga, wengine hawakurudi. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na maelfu ya kaya zikapelekwa kwenye vijiji vya ujamaa, vingine vikikatwa katikati ya miombo. Aliyekulia kwenye kijiji cha namna hiyo alijifunza kuishi kwa msitu kwa sababu ndiko alikowekwa.

Kuna namna mbili za kuishi kwa msitu huu, na ni vyema kuzitenganisha.

Ya kwanza ni mbao. Kabla ya misumeno ya mashine kuzagaa, mninga ulipasuliwa kwa mikono. Gogo lilipandishwa juu ya kichanja au juu ya shimo, mistari ikapigwa kwa uzi uliopakwa unga mweusi wa betri kuukuu. Mmoja alisimama juu akiongoza msumeno, mwenzake chini akivuta huku vumbi la mti likimwagikia machoni. Mninga ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, unaoganda kwenye jeraha. Mbao zake hazipindi ovyo na mchwa hawazipendi, ndiyo maana kitanda cha mninga hurithiwa. Ila mti huo hauna haraka hata kidogo. Mche wake hunyauka kila kiangazi na kuchipua tena mvua zikija, mwaka baada ya mwaka, hadi mzizi unenepe vya kutosha kuhimili moto. Kutoka mbegu hadi gogo la kupasua, ni umri wa binadamu mzima au zaidi. Anayeukata leo hatauona mwingine ukikomaa mahali pale.

Ya pili ni nyuki, na hapa nakiri nina upande. Mrina asali anahitaji mti uliosimama, wenye maua. Anajua muba unachanua lini, anajua njia ya maji, na huona moto mapema kuliko doria yoyote. Ana kasoro yake pia: mzinga wa gome hutengenezwa kwa kubandua gamba la mti mzima kuzunguka shina, na mti huo hufa. Mizinga ya mbao inapunguza hasara hiyo, lakini ni ghali kwa mtu anayeanza.

Kisha kuna kambi za wakimbizi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, wakimbizi walimiminika Kibondo na Kasulu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo, na ghasia za Burundi za mwaka 2015 ziliijaza tena, zikafufua kambi za Nduta na Mtendeli. Nyarugusu na Nduta, kila moja ilipata kuwa na watu zaidi ya 100,000. Mgao wao ulikuwa unga na maharage makavu, na maharage hayaivi bila kuni. Wanawake walitoka alfajiri kuzitafuta, wakikatazwa kuvuka kilomita nne kutoka kambini, na wengi walipigwa na kubakwa njiani. Msitu wa karibu na kambi uliisha, ndiyo. Lakini kumlaumu mama aliyetafuta kuni za kuchemshia maharage, huku malori ya mbao yakipita usiku kuelekea mijini, ni kuwaonea wanyonge. Kambi nyingine, Mtabila, ilifungwa mwaka 2012, na Mtendeli mwaka 2021. Ukataji haukufungwa nazo.

Sasa lami imefika kwenye barabara ya huku, iliyokuwa ikila magari kiangazi na kuyazamisha masika. Ni neema kwa mkulima wa maharage, na ni neema vilevile kwa mfanyabiashara wa mbao na mkaa. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, una vibali, nyundo za kugonga alama na vizuizi vya barabarani, lakini kizuizi hukamata gogo lililokwisha kuanguka.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatoa njia nyingine: kijiji kinaweza kutenga msitu wake, kutunga sheria ndogo, kuuza miti kwa mpango na kubaki na mapato. Vijiji vinavyopakana na hifadhi ya msitu ya Makere vimegombania mipaka yake kwa miaka mingi. Vikipewa msitu wa kuutunza kwa jina lao, pamoja na fedha za kupima mipaka na kuandaa mpango wa uvunaji, mrina asali na mpasuaji mbao watakaa kwenye kamati moja, kila mmoja akijua mti upi unauzwa mwaka huu na upi unaachiwa nyuki. Halmashauri za Kasulu na Kibondo zinaweza kuanza na bajeti ijayo.