Kura ya Mvita: Jinsi Wakazi wa Kisiwa cha Mombasa Walivyopata Mjumbe Wao

Mtu akiondoka Ngome ya Yesu asubuhi, akaifuata Ndia Kuu kupita katikati ya Mji wa Kale, kisha akakata kwenda Makadara na Majengo, hata kabla jua halijawa kali atakuwa amepita mbele ya milango ya watu wa kila namna. Atawaona Waswahili wa asili, Waarabu ambao babu zao walitoka Hadhramauti na Omani, Wahindi wenye maduka, Wamijikenda, Wakamba, Wajaluo na wengine wengi. Wote hao ni watu wa eneo moja la uchaguzi liitwalo Mvita, na siku ya kura karatasi ya kuli wa Shimanzi huhesabiwa sawasawa na karatasi ya tajiri wa Ganjoni.

Leo jambo hili laonekana la kawaida. Lakini wazee waliozaliwa kabla ya uhuru wanajua kwamba halikuwa hivyo. Zamani watu hawa hawa, waliochota maji katika visima vile vile na kununua samaki katika soko lile lile, hawakuwa na kura moja. Wengine walipiga, wengine walikatazwa, na wengine waliambiwa kwamba hawamo katika daftari lolote. Kwa hiyo habari za uchaguzi wa Mvita si habari za majina ya wajumbe tu. Ni habari za watu waliotaka kuhesabiwa.

BARAZA LILILOGAWANYWA KWA RANGI

Baraza la Kutunga Sheria la nchi iliyokuja kuitwa Kenya lilikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1907. Wakati ule hapakuwa na uchaguzi. Wajumbe waliteuliwa na Serikali. Mwaka 1920 Wazungu walipewa haki ya kuchagua wajumbe wao wenyewe. Baadaye katika miaka ile ya 1920 Wahindi waligawiwa viti 5, na Waarabu wakapewa kiti kimoja cha kuchaguliwa. Kabla ya hapo sauti ya Waarabu ilikuwa ya mtu wa kuteuliwa, naye alikuwa Liwali Sir Ali bin Salim wa Mombasa. Waafrika hawakuwa na mjumbe wa rangi yao mpaka mwaka 1944, alipoteuliwa Bwana Eliud Mathu. Naye pia hakuchaguliwa kwa kura.

Kila taifa lilikuwa na daftari lake. Mzungu alimpigia Mzungu, Mhindi akampigia Mhindi, na Mwarabu akampigia Mwarabu. Kwa desturi hiyo mjumbe hakuwa na haja ya kuuliza shida za jirani asiyekuwa wa taifa lake, maana jirani huyo hakuweza kumpa kura wala kumnyima.

WENYEJI WASIO NA DAFTARI

Mpango huo uliwaumiza sana wenyeji wa kale wa kisiwa chenyewe, yaani Waswahili wa Thenashara Taifa. Hawa ni mataifa 12 yaliyogawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni Thelatha Taifa, nao ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Fungu la pili ni Tisa Taifa, na miongoni mwao wamo Wamvita, Wajomvu, Wakilifi na Wamtwapa. Misikiti yao, makaburi yao na viwanja vyao vilikuwapo Mombasa kabla Serikali ya Kiingereza haijafika pwani.

Hata hivyo sheria ilipouliza, "Wewe ni Mwarabu au ni mwenyeji Mwafrika?" watu hawa hawakupata mahali pa kusimama. Kiti cha Waarabu walinyimwa kura yake, kwa kuwa hawakukubaliwa kuwa Waarabu. Mwaka 1927 waliunda chama chao, Afro-Asian Association, wakadai haki yao. Ugomvi huo ulitia uchungu katika mji. Watu waliooana, waliozikana na kuswali safu moja walianza kubishana juu ya nasaba, kwa sababu nasaba ndiyo iliyokuwa ufunguo wa kura. Haukupata ufumbuzi mpaka mwanzo wa miaka ya 1950, Thenashara Taifa walipoingizwa katika daftari la Waarabu.

Bwana Hyder Kindy, mzaliwa wa Mombasa aliyeyashuhudia mambo hayo kwa macho yake, aliyaeleza katika kitabu chake juu ya maisha na siasa za Mombasa, kilichochapishwa mwaka 1972.

Wanawake nao walikuwa na dai lao. Wanawake wa Kizungu walikuwa wakipiga kura tangu uchaguzi wa mwanzo, lakini wanawake wa Kiarabu wa Mombasa hawakuruhusiwa. Katika miaka ya 1950 waliandika barua ya kuomba kura na kuitia sahihi zao. Jambo hilo liliwashangaza wanaume wengi waliodhani kwamba siasa haivuki kizingiti cha nyumba. Kabla ya uhuru ombi lao lilikuwa limekubaliwa.

KURA MOJA, MBILI AU TATU

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza, nao walikuwa 8. Mjumbe wa Pwani alikuwa Bwana Ronald Ngala, mwalimu aliyefahamika sana Mombasa kwa sababu aliwahi kuongoza Shule ya Buxton.

Lakini kura zenyewe hazikuwa sawa. Aliyetaka kuandikishwa ilimpasa aonyeshe sifa zake: elimu, mapato au mali, utumishi wa miaka mingi, na nyinginezo. Mwenye sifa chache alipewa kura moja, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa hata kura tatu. Hivyo iliwezekana karani mwenye cheti na mshahara mzuri awe na kura tatu, na mpagazi wa bandarini aliyebeba magunia tangu ujana wake asiwe na hata moja.

Mwaka 1958 viti 6 vya Waafrika viliongezwa, na Mombasa ikapata kiti chake. Aliyeshinda ni Bwana Francis Khamisi, ambaye wasomaji wa magazeti walimjua tangu alipokuwa mhariri wa gazeti la Baraza, na wanasiasa walimjua kama katibu wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa Kenya African Union.

Katika uchaguzi wa Februari 1961 mlango ulifunguliwa zaidi. Aliyejua kusoma na kuandika lugha yake, au aliyepita umri wa miaka 40, aliweza kuandikishwa. Hata hivyo baadhi ya viti viliendelea kutengwa kwa Wazungu, Wahindi na Waarabu.

SWALI LA MWAMBAO

Mara baada ya hapo likazuka swali kubwa kuliko la kiti. Kwa mkataba wa mwaka 1895 ukanda wa pwani wa maili 10 ulikuwa mali ya Sultani wa Unguja, na Waingereza wakiutawala kwa kulipa kodi kila mwaka. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Ngome ya Yesu. Je, Kenya ikipata uhuru, Mombasa iwe ya nani?

Wengine walitaka Mwambao uwe nchi peke yake au ujitawale kwa kiasi kikubwa. Mmoja wa wasemaji wao alikuwa Sheikh Abdilahi Nassir, kijana wa Mombasa aliyekuwa mjumbe wa Baraza, na aliyehudhuria mkutano wa Lancaster House mjini London mwaka 1962. Wengine, hasa wafanyakazi wa bandari na wafuasi wa chama cha KANU, walitaka nchi moja. Sir James Robertson, aliyetumwa kuchunguza jambo hilo mwaka 1961, alishauri ukanda uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963 Bwana Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Unguja, Sheikh Mohamed Shamte, walikubaliana hivyo, na wakazi wa pwani wakaahidiwa kwamba dini yao, kadhi wao na hati zao za ardhi vitalindwa.

Wakati huo uchaguzi wa Mei 1963 ulikuwa umekwisha kufanyika. Huo ndio uliowapa watu wazima wote, waume kwa wake, kura moja kila mtu. Daftari za rangi zilifungwa.

WAKATI WA CHAMA KIMOJA

Lakini kupata kura ni jambo moja, na kuwa na mtu wa kumchagua ni jambo jingine. Mwaka 1964 chama cha KADU cha Bwana Ngala kilivunjwa na kuingia KANU. Mwaka 1966 Bwana Oginga Odinga aliunda KPU, na mwaka 1968, uchaguzi wa mabaraza ya miji na wilaya ulipofika, fomu za wagombea wa KPU zilikataliwa nchi nzima kwa madai kwamba hazikujazwa sawasawa.

Jambo hilo lilimchoma moyo kijana mmoja wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, mfanyakazi wa Baraza la Mji na ndugu wa yule Sheikh Abdilahi Nassir. Alikuwa na umri wa miaka 22. Aliandika kijikaratasi, akakiita "Kenya: Twendapi?" Kwa maandishi hayo alifungwa miaka mitatu, tangu 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Yeye hakuwa amegombea kiti chochote. Alidai tu kwamba mpiga kura apewe nafasi ya kuchagua.

KPU ilipigwa marufuku mwaka 1969, na tangu hapo uchaguzi ukawa wa watu wa KANU peke yao. Mwaka 1974 Shariff Nassir Taib alichaguliwa mbunge wa eneo la Mombasa ya Kati, ambalo baadaye liliitwa Mvita. Asichanganywe na Sheikh Abdilahi. Shariff Nassir alikaa Bungeni miaka 28, akawa pia kiongozi wa KANU Mombasa, na usemi wake wa "wapende wasipende" ulijulikana kila pembe ya Kenya.

Mwaka 1988 ukaletwa uchaguzi wa mlolongo. Katika kura za uteuzi za KANU watu walitakiwa kujipanga nyuma ya wagombea au mawakala wao, wahesabiwe hadharani, na aliyepata asilimia 70 alihesabiwa kuwa ameshinda bila kwenda kwenye kura ya siri. Karani wa Serikali angewezaje kusimama mbele ya mkubwa wake katika mstari asioutaka mkubwa huyo? Wengi waliona afadhali wabaki nyumbani.

VYAMA VINGI

Desemba 1991 sheria ya chama kimoja iliondolewa. Mwaka 1992 chama cha Islamic Party of Kenya kilianzishwa Mombasa, lakini Serikali ilikataa kukiandikisha kwa kuwa kilikuwa cha dini, na mitaa ya mji ikaona ghasia. Wafuasi wake wengi waliunga mkono FORD-Kenya. Katika uchaguzi wa Desemba 1992 Likoni na Kisauni zilikwenda kwa FORD-Kenya, lakini Mvita ilibaki kwa Shariff Nassir na KANU.

Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mwingine, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, ng'ambo ya kivuko. Watu waliuawa, na maelfu, wengi wao wa kutoka bara, wakakimbia makwao pamoja na kura zao. Mtu aliyekimbia hawezi kusimama mbele ya kisanduku alichoandikishwa.

Zamu ya Shariff Nassir ilikoma Desemba 2002. Aliyemshinda ni Najib Balala, aliyekuwa Meya wa Mombasa, kwa tiketi ya NARC. Wapiga kura wale wale waliodhaniwa kuwa ni mali ya mtu mmoja walimpa kazi mwingine, na mji ukalala salama. Bwana Balala alirudi mwaka 2007 kwa tiketi ya ODM. Mwaka 2013 aliwania Useneta wa Mombasa, naye akashindwa.

Katika uchaguzi huo wa 2013 Mvita ilimchagua Abdulswamad Shariff Nassir wa ODM, mwana wa mbunge yule wa zamani, ikamrudisha tena mwaka 2017. Agosti 2022 alichaguliwa kuwa Gavana wa Mombasa, na kiti cha Mvita kikaenda kwa Mohamed Machele, naye pia wa ODM.

FUNZO LA MVITA

Katika mpango ulioanza mwaka 2013, Kaunti ya Mombasa ina maeneo 6 ya uchaguzi wa wabunge, na Mvita, ambayo ndiyo kisiwa, ina wadi 5: Mji wa Kale na Makadara, Tudor, Tononoka, Shimanzi na Ganjoni, na Majengo. Mwaka 2022 kila mpiga kura alipewa karatasi 6: ya Rais, Gavana, Seneta, Mwakilishi wa Wanawake, Mbunge, na mjumbe wa Baraza la Kaunti. Hakuna aliyeulizwa cheti cha shule, wala mshahara, wala jina la babu yake. Kura zikisha kuhesabiwa, fomu ya matokeo hubandikwa mlangoni pa kituo ili kila mwenye macho asome.

Mambo hayo hayakuteremka yenyewe. Nyuma ya kila moja kuna watu: Thenashara Taifa waliodai daftari, wanawake waliotia sahihi barua, kijana aliyefungwa kwa kuuliza swali. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba kura yake moja haina kazi, na alitazame daftari la mwaka 1957. Wakati ule walikuwapo waliokuwa na kura tatu, na watu wa Mombasa wasiokuwa na hata moja walijua vizuri thamani yake. Anayeitaka leo hana budi kujiandikisha mapema, kuhakikisha kwamba jina lake limo na limeandikwa sawasawa, na kufika kituoni siku yenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.