Wabenzi tuliwapa jina, hawa wenye mitandao tuwaiteje?

Na Mwandishi Wetu, Shighatini

SOKO la Shighatini, katika milima ya Upare Kaskazini wilayani Mwanga, linauza ndizi, maharage na viazi kama masoko mengine ya milimani. Kilichobadilika ni namna bei inavyopatikana. Zamani mkulima alishusha mkungu wake na kusubiri mwenye lori atamke bei. Siku hizi, kabla hajaushusha, anaupiga picha, anaituma kwa WhatsApp kwa ndugu aliyeko Moshi au Dar es Salaam, na kuuliza huko wanauzaje.

Nilipofika huko hivi karibuni kwa ajili ya ukurasa huu, mama mmoja muuza ndizi alinionyesha simu yake akaniuliza: "Mwanangu, wewe umesomea biashara. Mwenye lori namjua. Mwenye duka namjua. Hata tajiri wa hizi bodaboda namjua. Huyu mwenye WhatsApp ni nani, na anakula wapi?"

Swali hilo ni la kiuchumi, na jibu lake linaanzia kwenye jina. WhatsApp ilinunuliwa mwaka 2014 na kampuni ya Facebook, ambayo tangu 2021 inaitwa Meta, kwa bei iliyotangazwa ya dola za Marekani bilioni 19. Kampuni hiyo inapata fedha zake hasa kwa kuuza matangazo, na kwa upande wa WhatsApp inatoza makampuni yanayowasiliana na wateja kwa wingi. Mama huyu halipi kitu moja kwa moja. Fedha yake ya vocha inakwenda kwa kampuni ya simu. Mkuu wa Meta ni Mark Zuckerberg. Kwa kuwa hisa zake nyingi ni za daraja lenye kura 10 kwa kila hisa moja, anashika zaidi ya nusu ya kura zote, ingawa fungu lake la hisa ni dogo kuliko hapo kwa mbali. Kwa maneno mengine, wanahisa wengine wote wakiungana kumpinga, yeye peke yake anawashinda.

Huko kwao watu wa namna hii wamepewa jina. Mwaka 2024 lilipata umaarufu neno la Kiingereza "broligarch", na miongoni mwa waliolivumisha ni mwandishi wa habari wa Uingereza, Carole Cadwalladr. Neno hilo limeunganishwa kutoka maneno mawili. La kwanza ni "bro", yaani kaka au blaza, ambalo Wamarekani walikuwa tayari wakilitumia kuwakejeli vijana wa kiume wa makampuni ya kompyuta wanaobebana wao kwa wao. La pili ni "oligarch", lenye asili ya Kigiriki, yaani mmoja wa wachache wanaotawala. Hilo la pili lilivuma katika miaka ya 1990, pale mashirika ya umma ya Urusi yalipoangukia mikononi mwa matajiri wachache waliokuwa karibu na Ikulu.

Tarehe 20 Januari, 2025, Rais Donald Trump alipoapishwa mjini Washington, Zuckerberg, Elon Musk, Jeff Bezos wa Amazon na Sundar Pichai wa Google walikuwa ndani ya ukumbi, wameketi mahali pa kuonekana na dunia nzima. Baada ya picha hiyo neno lile halikuhitaji tena kufafanuliwa.

Kabila la Wabenzi

Sisi wasemaji wa Kiswahili si wageni wa kazi hii ya kuwabatiza wakubwa. Jina letu lililosafiri mbali kuliko yote ni Wabenzi. Lilizaliwa Afrika Mashariki katika miaka ya 1960, mara baada ya uhuru, pale mawaziri na wakurugenzi walipoanza kuonekana ndani ya magari ya Mercedes-Benz. Ufundi wake wote umo katika herufi mbili za mwanzo. Tunasema Wapare, Wachaga, Wasambaa. Wananchi wakaongeza kabila moja lisilo na kijiji wala mila, ambalo mtu huingia kwa cheo. Waandishi wa Kiingereza wakalichukua neno hilo lilivyo, na likafika hadi kusini mwa Afrika.

Pamoja nalo kulikuwa na naizi, au naizesheni. Neno hili ni mkia wa "afrikanaizesheni", yaani mpango wa kuwapa Waafrika nafasi zilizokuwa zikishikwa na wakoloni. Naizi ni yule aliyekirithi kiti cha Mzungu pamoja na nyumba, mshahara na majivuno yake.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwabana watu hawa kwa masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Ndipo lugha ya siasa ikaleta bepari, kabaila, bwanyenye na kupe. Msomaji anayefanya biashara huenda akashangaa kusikia kwamba bepari limetokana na neno la Kigujarati lenye maana ya mfanyabiashara tu, kama vile tajiri lilivyotokana na neno la Kiarabu lenye maana hiyo hiyo. Tajiri akabaki na heshima yake, na hadi leo kondakta wa daladala anamwita hivyo mwenye gari. Bepari akaishia kuchorwa na mirija mdomoni. Maneno hayo mawili yalianza na maana moja, yakatenganishwa na siasa.

Masharti ya uongozi yalipolegezwa mwaka 1991 kwa Azimio la Zanzibar, majina nayo yakabadilika. Magazeti ya soko huria yakajaa vigogo. Gari la mkubwa nalo likawa Toyota Land Cruiser, likaitwa shangingi, jina lililokuwa la mwanamke mjuaji wa mji na mpenda makuu. Kutoka Kongo, pamoja na muziki wa dansi, akaingia pedeshee, mtu wa kumwaga fedha ukumbini ili atajwe na wanamuziki. Asili yake ni herufi tatu za Kifaransa, PDG, zinazotamkwa "pedeje", ambazo ni kifupi cha cheo cha mwenyekiti na mkurugenzi mkuu wa kampuni. Cheo cha ofisini kikageuka jina la baa.

Wasioonekana

Ukiyapanga majina hayo yote utaona jambo moja. Kila moja limetokana na kitu ambacho wananchi walikiona kwa macho: gari, kiti, duka, noti zinazotupwa jukwaani. Mkubwa wa zamani alipita barabarani na kumtimulia vumbi mkulima, na mkulima akapata jina la kumpa.

Mkubwa wa sasa hapiti Shighatini. Hana lori sokoni wala godauni Mwanga mjini. Lakini tarehe 4 Oktoba, 2021, mitambo ya kampuni yake ilipopata hitilafu, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Mfanyabiashara aliyekuwa na mzigo njiani na namba ya mnunuzi wake ikiwa ndani ya WhatsApp peke yake, siku hiyo alijua ana mbia ambaye hajawahi kukutana naye.

Vijana wa milimani waliokwenda mijini kuendesha magari wanamfahamu mbia huyo kwa karibu zaidi. Uber iliingia Dar es Salaam mwaka 2016. Mwaka 2022 mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, iliweka ukomo wa asilimia 15 kwa kamisheni ambayo kampuni za aina hiyo hukata katika nauli. Mwezi Aprili mwaka huo Uber ikasimamisha huduma zake nchini. Ilirudi mwanzoni mwa 2023, baada ya ukomo huo kupandishwa hadi asilimia 25. Dereva ana tajiri wake mwenye gari, ambaye anaweza kumfuata nyumbani kumwomba apunguze hesabu. Huyu wa pili, anayekata kamisheni katika nauli, hana mlango wa kubisha hodi.

Jina na malipo

Upare inajua uhusiano wa jina na malipo kuliko sehemu nyingi za nchi hii. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni iliongeza juu ya kodi ya kawaida kodi nyingine iliyopangwa kwa kukisia mali ya kila mtu, ikaipa jina la mbiru, ambalo lilikuwa jina la ushuru wa kale kwa watawala wa jadi. Wananchi hawakudanganyika na jina. Januari 1945 maelfu yao waliteremka hadi Same kupinga makisio yale, na mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao waliandamana. Hatimaye mbiru iliondolewa. Walichokikataa hasa ni kukadiriwa na mtu asiyeeleza amekadiriaje.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili kwa msomaji wa ukurasa wa biashara. Jina halishushi bei wala kamisheni. Lakini mtu huanza kujadiliana na yule anayeweza kumtaja. Mwenye lori akinyonya, soko zima linamtaja kwa jina lake na la utani, na msimu ujao anapata taabu kupakia. Anayekata kwa njia ya simu hatajwi, kwa hiyo lawama inamwangukia kijana wa bodaboda au wakala wa kibandani.

Kwa sasa jina la Kiswahili lililo karibu zaidi limetoka mahali ambapo hapakutarajiwa, yaani kwenye kodi. Tangu Julai 2022 Tanzania inatoza asilimia 2 ya mapato ya huduma zinazouzwa hapa kwa njia ya mtandao na makampuni yasiyo na makao nchini. Lugha ya kodi inamwita mhusika "asiye mkazi".

Nilimweleza mama yule hayo yote, mpaka hilo la asiye mkazi. Akacheka. "Asiye mkazi, na kila siku analala chini ya mto wangu?" Kisha akamwita mnunuzi aliyekuwa akipita, wakaanza kubishana juu ya mkungu, uso kwa uso.

Ushauri wetu kwa wafanyabiashara wa milimani ni ule ule tunaoutoa kwa wa mjini. Tumieni simu kuulizia bei, kwani imewapunguzia wenye malori nguvu ya kujipangia. Lakini namba za wanunuzi ziandikwe pia kwenye daftari, na mnunuzi asiwe mmoja. Kabla ya kujiunga na huduma yoyote, ulizeni kwanza swali la mama wa Shighatini: mwenyewe ni nani, na anakula wapi?